Mkanda wa Mwaka Juzi

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeniamkia hata kabla hujavua viatu, basi naitikia mapema. Sisi tupo. Baba yako hajambo kwa kiasi chake, anakula kidogo, anasikiliza redio, na ananinunia kwa ajili ya chumvi kana kwamba ni mimi niliyemkataza na si daktari. Shangazi yako alikuja wiki iliyopita akakaa kutwa nzima kunisaidia kazi. Alinipindia sketi ishirini na mbili za shule, na alipoondoka nikakaa kufumua kumi na moja. Usimwambie.

Wewe huko machimboni unakula? Barua yako ya mwisho imechukua siku kumi na tisa. Ningeondoka kwa miguu siku uliyoiandika ningepishana nayo njiani. Najua simu huko haishiki na barua zinasubiri lori la vifaa, nimeshaacha kulalamika, nasema tu.

Sasa jambo lenyewe. Gari linalia. Asubuhi nikiliwasha linatoa mlio mwembamba kama mtoto wa mbwa aliyekanyagwa mkia, likishapata moto linanyamaza. Siku ya mvua halinyamazi mpaka tufike njia panda. Jirani wa mbele ameniuliza kama siku hizi nafuga kitu.

Nikafungua boneti mwenyewe. Mlio unatoka kwenye ule mkanda mrefu wa mbele ya injini, unaopita juu ya gurudumu hili chini ya gurudumu lile mpaka unarudi ulikoanzia. Nikashangaa, maana huo uliubadilisha wewe ulipokuja mwaka juzi mwezi wa nane. Nimeangalia na daftari la gari, baba yako ameandika kwa mkono wake: "Mkanda mpya, kaweka Fundi, kilomita 198,900." Bado anakuita Fundi. Mgeni hamalizi chai bila kuambiwa kwamba injini ile haijaguswa na mkono mwingine isipokuwa wa mwanawe.

Basi nikasema mkanda mpya hauwezi kuwa mbovu, utakuwa umekauka tu. Cherehani yangu ukanda wake ukianza kuteleza naupaka nta ya mshumaa, unashika. Nikachukua kipande cha mshumaa nikausugua mkanda wa gari kila mahali mkono ulipofika, injini imezimwa, usishtuke. Siku ya kwanza lilinyamaza kabisa nikajiona na mimi fundi. Siku ya tatu likaanza tena, na safari hii kwa hasira.

Hebu niambie, mkanda wa gari unabadilishwa baada ya muda gani? Mita inasema 214,310. Hospitali tunakwenda mara mbili kwa wiki kama unavyojua, Jumanne na Jumamosi, baba yako anaoshwa damu tunarudi, kwa hiyo gari halichoki sana. Na mimi sichoki. Ukiandika, andika kwa herufi kubwa kidogo, si kwa ajili ya macho yangu, ni taa ya hapa sebuleni.

Vaa soksi nzito.
Mama yako

28 Machi

Shikamoo mama,

Barua imenikuta mzima. Tunakula, usiwe na wasiwasi, ila mpishi wetu anaamini maharage ni jibu la kila swali. Msalimie baba. Na shangazi, sitamwambia kuhusu zile kumi na moja.

Mama, mshumaa hapana. Tafadhali. Ukanda wa cherehani ni wa ngozi na unazungusha gurudumu moja. Huu ni wa mpira, na nta inaufanya uteleze zaidi na kukamata vumbi. Chukua kitambaa chenye maji ya sabuni, injini ikiwa imezimwa na imepoa, ufute nta yote.

Na si mkanda wa kuchezea. Ndio unaochaji betri, ndio unaozungusha pampu ya maji ili injini isichemke, ndio unaofanya usukani uwe mwepesi. Ukikatika barabarani vyote vinakufa kwa pamoja, na injini inaweza kuungua ndani ya dakika chache.

Umeuliza muda. Wengi wanasema kilomita laki moja, au miaka mitano au sita, chochote kitakachotangulia. Lakini mpira hausomi daftari, mama. Unautazama. Washa tochi, angalia upande wenye mifereji. Ukiona umekuwa unang'aa kama sahani, au kingo zimetoka nyuzi, umechoka. Ukihesabu nyufa na ukapata tatu au nne katika urefu wa kidole kimoja, umekwisha, hata kama haujalia kabisa.

Kuhusu kwamba niliuweka mwaka juzi, mikanda ya siku hizi haieleweki, mingine inatoka dukani imeshazeeka. Usiangalie daftari. Mpelekee Fundi Miwani pale kona auweke mwingine. Usinisubiri mimi, likizo yangu bado haijapangwa.

Niandikie tena kilomita siku utakayojibu, nijue mnavyolitumia.

Wako,
mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika tarehe kumi na moja, nikataka kujibu siku hiyohiyo, lakini shule imeniletea kaptura arobaini zinazotakiwa kabla ya kufungua, na baba yako alikuwa na siku mbili za kutapika. Sasa ameacha. Leo amekunywa uji nusu kikombe na kusema umeungua, kwa hiyo najua anapata nafuu.

Nta nimeifuta. Ilitoka nyeusi, nikatumia kitambaa kizima cha bitana. Gari bado linalia.

Nyufa nimezihesabu. Nililala kifudifudi juu ya ile bampa na futi yangu ya kushonea, tochi nimeing'ata kwa meno. Katika urefu wa kidole changu cha kati, tisa. Nikahesabu tena nikitumaini ni macho. Tisa. Nikasema labda ndivyo ulivyotengenezwa, ni mistari ya urembo. Mwanangu, mkanda wa mwaka mmoja na miezi minane? Hata viatu vya shule vinadumu.

Kuhusu Miwani. Miwani huyuhuyu aliyemfungia jirani wa mbele taa ya kulia ikawa inamulika juu ya miti? Lakini tuseme nimemsamehe la taa. Shida ni baba yako. Nilimwambia kwa mbali tu, tukiwa njiani, "Huu mkanda, tukimwonyesha Miwani autazame?" Akanigeukia, akasema, "Yaani umeshapata mwanaume mwingine wa injini?" Akacheka. Mwanangu, siku hizi hacheki. Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka, nikaliacha hapohapo. Sasa nitalianzaje tena? Kitu alichobaki nacho cha kujisifia ni wewe na hiyo injini.

Kwa hiyo nataka uniandikie sababu. Uliuweka kwa mikono yako, mwaka juzi, na mimi nilikuona umeinama pale tangu asubuhi mpaka jioni, shati limelowa mgongo mzima. Ukiandika kwamba ulikuwa mbovu tangu dukani, au uliuweka vibaya, au chochote, nitamsomea baba yako na kesho yake nampelekea Miwani. Lakini usiniandikie kwamba "haieleweki". Ataniuliza, haieleweki vipi, nami nitajibu nini, mtu wa darasa la nne?

Mita inasema 215,990.

Tunakwenda polepole. Mlimani nazima redio ili niusikie vizuri ule mlio, maana nikiusikia najua bado upo.

Mama yako

9 Mei

Shikamoo mama,

Pole kwa kaptura, na pole kwa kutapika kwa baba.

Sababu ni nyufa tisa. Msomee hivyo: Fundi amesema nyufa tisa ni nyingi, mkanda ubadilishwe, na amesema Miwani anaweza. Akikasirika anikasirikie mimi. Usiendeshe tena kwenda hospitali kabla haujabadilishwa. Kodini gari la mtu, ombeni, chochote.

Sasa na mimi nikuulize. Kutoka nyumbani mpaka hospitali na kurudi ni kilomita tisini na mbili, njia hiyo nimeipima mwenyewe. Tangu tarehe tisa Machi mpaka ishirini Aprili ni wiki sita. Mara mbili kwa wiki ni safari kumi na mbili, hazifiki kilomita elfu moja mia mbili. Mita yako imesogea elfu moja mia sita na themanini. Hizo karibu mia sita umekwenda wapi, mama? Soko liko mwisho wa mtaa.

Nimepiga hesabu nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mtambo, nikarudia. Inakuja safari kumi na nane. Mnakwenda mara tatu kwa wiki. Tangu lini? Na kama ni mara tatu, basi kuna mtu hapo hajambo kwa kiasi kidogo kuliko ninavyoandikiwa.

Na unaendesha wewe peke yako zote tatu.

Kulikuwa na mstari mwingine hapa nimeufuta, usijaribu kuusoma. Nitauandika vizuri barua ijayo. Lori linaondoka.

Badilisha mkanda.
Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Nakusalimu. Tuko nyumbani sote wawili, naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ya tarehe tisa imenifikia juzi, tarehe ishirini na nane. Mkanda ulikatika Alhamisi tarehe ishirini na mbili.

Ndiyo, Alhamisi. Umeshajua, basi nisifiche tena, ni Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, tangu katikati ya Februari. Daktari alisema mbili hazimtoshi.

Ilikuwa kwenye mpando ule mrefu kabla ya daraja. Nikasikia paa, kama mtu amechapwa kofi ndani ya injini, halafu kimya. Nilifurahi, nisikufiche, nilidhani mlio umepona. Kisha taa nyekundu ya betri ikawaka na usukani ukawa mzito, nikauvuta kwa mabega kama navuta kabati. Sindano ya moto inapanda, naiona inapanda. Baba yako akasema, "Zima. Zima, mama, usiiue." Nikaliingiza pembeni, nikazima.

Nilipofungua boneti nikaukuta umelala chini, umechanika nyuzinyuzi kama ukindu wa mkeka. Nikaukunja nikautia kwenye mkoba. Baba yako akauliza kupitia dirisha, "Nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Angalia kwingine, ule mkanda wa Fundi hauwezi kuwa." Nikazunguka gari lote nikijifanya naangalia kwingine. Nimeangalia mpaka tairi za nyuma.

Lilisimama lori la mchanga, dereva ni mtu mzuri, lakini baba yako hakuweza kupanda zile ngazi zake. Alijaribu ngazi moja, akaniangalia, nikamwambia dereva aende zake. Tulikaa juani saa moja na nusu mpaka mwalimu mmoja mwenye gari dogo alipotuchukua. Tulipofika mashine yake alikuwa amepewa mwingine. Nesi alifanya alivyoweza, lakini zamu ilipopatikana ilikuwa jioni, na maji yalikuwa yameshampanda kifuani. Wamemlaza siku nne. Usiku wa pili alikuwa anapumua kama anayepanda ngazi. Sasa amerudi, uvimbe wa miguu umenywea, ila sauti imekuwa ndogo na hajarudi kuwa alivyokuwa.

Gari alikwenda kulivuta Miwani. Nilipofika gereji kulikuwa na watu watatu wanasubiri magari yao. Nikautoa mkanda mkobani nikampa. Akaugeuza, akaupeleka mwangani, akasema, "Mama, huu ni wa kiwandani. Umekuja na gari. Ona, namba yake ni ileile iliyobandikwa kwenye injini. Huu una miaka kumi na zaidi."

Nikamwambia wewe ni mwongo. Hivyohivyo, mbele ya watu. Nikamwambia mkanda huu una miaka miwili haijatimia, umewekwa na mwanangu, na mwanangu anatengeneza mitambo mikubwa kuliko nyumba uliyopanga, halafu wewe na spana zako tatu useme hajui kazi? Yule bwana akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema polepole, "Sijamtaja mwanao, mama."

Watu wote watatu waliangalia chini.

Ameweka mpya, sikumshukuru. Nililipa nikaondoka, na gari halilii tena, linakwenda kimya mpaka linanitisha.

Sasa nakuuliza jambo moja, na usinizungushe. Miwani nilimtukana kwa haki?

Mama yako

17 Juni

Mama,

Shikamoo. Hapana. Hukumtukana kwa haki.

Mkanda niliokuja nao mwaka juzi ulikuwa mfupi. Niliununua huku kwa kukisia aina ya injini, sikupima. Nilifungua ule wa zamani asubuhi, nikajaribu mpya, ukakataa, umepungua kama upana wa vidole vinne. Ilikuwa saa tano. Maduka yalikuwa wazi, ningeweza kwenda kununua mwingine na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Nikaurudisha ule wa zamani, ilichukua dakika ishirini. Halafu nikaendelea kuinama pale mpaka jioni.

Ilikuwa wiki ya kwanza baba ametoka hospitali na ule mpira wa kuoshea damu shingoni. Nilikuwa nimeingia chumbani mara moja asubuhi, nikamsalimia, nikaona bandeji na ngozi ya mikono yake, nikasema ngoja nikashughulikie gari. Boneti ilikuwa mahali pazuri pa kuweka uso. Nilikuwa nafungua nati na kuifunga ileile. Wewe ulikuwa unaniletea maji, unaniambia pole kwa kazi. Baba alikuwa anaita kupitia dirisha, "Fundi, bado?" Nami nasema bado kidogo. Akaita kama mara nne. Alikuwa anataka niende nikakae naye, nilijua, hakuwa anauliza habari za gari.

Giza lilipoanza nikashusha boneti nikasema tayari. Akaomba daftari. Nilimwona anaandika, anauliza kilomita ngapi, nikamsomea. Hapo ndipo ningesema. Nikaona nikisema mkanda haukubadilika, ataniuliza ulikuwa unafanya nini kutwa nzima.

Kesho yake niliondoka alfajiri, unakumbuka, nilisema lori halisubiri. Lori lilikuwa la mchana.

Ulipoandika kuhusu mshumaa nilijua ni mkanda gani unaousugua. Nilidhani nikiandika kwa ukali utakwenda kwa Miwani na itakwisha bila mimi kusema. Uliniomba sababu, nikakupa nyufa, ulizohesabu mwenyewe.

Mwambie baba lolote unaloona linafaa. Mwombee Miwani radhi kwa niaba yangu.

Sijui nimalizie vipi barua hii.

Mwanao

6 Julai

Mwanangu,

Nakusalimu. Shangazi yako yupo, amekuja kukaa wiki mbili, na safari hii nimempa vifungo tu. Mvua zimekatika. Baba yako amepata kitanda cha kuoshewa damu cha pembeni ya dirisha pale hospitalini, anafurahi, anahesabu magari yanayoingia na kuniambia yapi yana kasoro kwa kusikiliza tu.

Barua yako imefika Jumatatu na leo ni Jumapili. Nimeisoma mara moja. Nimekaa na hasira siku tatu, na siku ya nne nikaona hasira nayo inataka kulishwa na mimi nina watu wa kutosha wa kulisha.

Kwa Miwani nimekwenda. Radhi yako sikuipeleka, utaipeleka mwenyewe, nimepeleka yangu. Ovaroli lake lilikuwa limechanika mgongoni, nililiona siku ileile nikimtukana, basi nikamwambia avue nikamshonea palepale nimekaa juu ya tairi. Akasema, "Mama, ningejua matusi yako yanakuja na sindano, ningeyaomba mwaka jana." Nikacheka. Akanionyesha jinsi ya kuutazama mkanda mpya kila mwezi na kile kijigurudumu kinachoukaza, akasema miaka mitano, na akasema nikisikia lolote nisimwulize mtu, nije. Ni fundi mzuri. La taa tulimwonea, jirani aliigonga mwenyewe kwenye geti.

Baba yako aliomba daftari aandike mkanda. Kalamu haikukaa mkononi, akanipa niandike mimi. Nimeandika tarehe na kilomita. Pa kuandika nani kaweka nimepaacha, akatazama pale palipo wazi, halafu akafunga daftari. Sijui anajua nini. Sikumwuliza na yeye hakuniuliza. Umeniambia nimwambie ninaloona linafaa. Mimi sitamwambia kitu. Lile ni lako, na si la barua.

Mimi pia nilikuficha, nakubali. Niliandika mara mbili wakati ni tatu kwa sababu niliogopa utaacha kazi. Lakini nisikilize, tusijifanye ni kitu kimoja. Aliyekaa juani saa moja na nusu ni baba yako.

Nimekusamehe? Ulitaka kuuliza hukuuliza. Nilikusamehe nilipofika pale ulipoandika kwamba alikuita mara nne. Mimi nilimsikia, nilikuwa jikoni, nilihesabu tano. Nilidhani ananogewa na kukutania.

Sasa kuna jambo sijawahi kukuandikia, nalo naliandika kwa sababu umeshaniambia la kwako. Nimechoka. Nilikuandikia sichoki na wewe hukuuliza, nikashukuru hukuuliza. Nimechoka mabega, nimechoka macho, alfajiri nikikaa kwenye usukani miguu inatafuta pedali za cherehani. Alhamisi tulipokuwa tunarudi nilifumba macho, baba yako akaniita kwa jina langu, ambalo hajaliita tangu tuoane, na nikakuta tuko upande wa barabara wa magari yanayokuja. Hakuna aliyeumia.

Kwa hiyo sikuombi ushauri. Nenda kwa mkubwa wako huko, mwambie baba yangu anaumwa na mama yangu anaendesha, chukua likizo, ya malipo au ya bure sijali. Ukifika usianzie kwenye gari, halina neno. Pita mlangoni, mwenye chumba yuko macho siku nzima. Halafu uendeshe wewe. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, tunatoka saa kumi na moja kasorobo, anapenda kiti cha mbele na dirisha wazi kidogo.

Mimi nitalala kiti cha nyuma. Jana nimekijaribu gari likiwa limesimama. Nikikunja magoti nakienea.

Mama yako